Mbao imekwama kwenye thiknesa: imekwama wapi?

Thiknesa inapogoma kuvuta mbao, mkono wa fundi huenda kwenye spana. Anakaza springi za rola, anajaribu, mbao inasogea kidogo, inakwama, anakaza tena. Nimeyaona haya hapa Mwanza, mitaa ya Nyakato na Igoma, na nimeyafanya mwenyewe kwa miaka kadhaa kabla sijaelewa kwamba springi ni kitu cha mwisho kuguswa. Siku hizi kijana wa karakanani akija kuniambia, "Fundi, mashine imekataa," namuuliza swali moja: imekataa wapi?

Jibu la swali hilo linaokoa siku nzima ya kazi, wakati mwingine na bei ya vipuri. Ili lieleweke, tuifuate mbao ndani ya mashine.

Thiknesa ni mashine ya kuipa mbao unene mmoja kuanzia kichwani hadi mkiani. Mbao inaingia juu ya meza, inapita chini ya shafti ya visu inayozunguka mara maelfu kwa dakika, inatokea upande wa pili. Ni safari fupi, haifiki hatua moja, lakini ina vituo. Cha kwanza ni rola ya kuingizia. Kwenye mashine kubwa ni ya chuma chenye meno, kwenye ndogo za kubebeka ni ya mpira. Mashine kubwa zina kituo cha pili, kivunja maranda, chuma kizito kinachoibana mbao karibu kabisa na visu ili nyuzi zisichanike. Halafu visu vyenyewe. Baada ya visu kuna bamba la kukandamiza, linaloizuia mbao isirukeruke. Mwisho ni rola ya kutolea, ambayo huwa laini kwa sababu inagusa uso uliokwisha kurandwa. Mezani nako, mashine nyingi kubwa zina rola mbili zinazozunguka zenyewe mbao ikipita juu yake, zimejitokeza juu ya meza kidogo mno kiasi kwamba jicho halizioni. Mpaka upitishe kidole.

Sasa, visu havisaidii kuvuta hata kidogo. Vinazunguka kinyume na mwendo wa mbao, na kila kisu kinapouma kinairudisha mbao kwa mtu aliyeilisha. Rola zinasukuma mbele, visu vinarudisha nyuma, meza inang'ang'ania kutokea chini. Mbao ikisimama, maana yake upande unaosukuma umeshindwa na upande unaozuia, na ukitaka kurekebisha unaweza kuongeza nguvu upande mmoja au kupunguza kizuizi upande wa pili. Mafundi wengi tunalijua la kwanza tu.

Hapo ndipo springi zinapotudanganya. Ukizikaza, rola inaibana mbao zaidi, ni kweli, ila mbao nayo inabanwa zaidi mezani. Tufanye hesabu ya mfano. Springi zinakandamiza kwa uzito wa kilo 40. Mpira wa rola unashika kwa sehemu 6 katika 10 za uzito huo, na meza yenye utomvu na kutu inazuia kwa sehemu 4 katika 10. Rola inasukuma kwa 24, meza inakula 16, zinabaki 8 za kupambana na visu. Kaza mpaka 50: unasukuma kwa 30, meza inakula 20, zinabaki 10. Umeibebesha rola mzigo wa robo zaidi, ukapata kilo 2. Rudisha springi kwenye 40, safisha meza na uipake nta hadi izuie kwa sehemu 1.5 tu katika 10. Meza inakula 6, zinabaki 18. Umepata zaidi ya mara mbili ya ulichokuwa nacho, na spana bado iko kwenye boksi. Tarakimu ni za mfano, lakini ndivyo nguvu hizo zinavyogawana kwenye mashine yoyote yenye rola na meza.

Kwa hiyo meza kwanza. Utomvu wa msonobari unatoka kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na waya laini wa kusugulia masufuria. Futa mpaka ikauke, kisha pitisha mshumaa mweupe wa dukani meza nzima na uusugue kwa kitambaa kikavu. Nta ya nyuki nayo inafaa, na sisi wa kanda hii tunaipata kirahisi kutoka Tabora, ila isugue hadi ing'ae, vinginevyo inanata na kukusanya vumbi. Oili ya gari usiipake kabisa; inaingia kwenye mbao na vanishi haitashika. Dawa za kupuliza zenye silikoni zina balaa hilo hilo, tena doa lake hulioni mpaka siku ya kupaka rangi.

Rola za mpira zina ugonjwa wake. Zikijaa vumbi na utomvu zinakuwa ngumu na kung'aa kama soli ya kiatu kilichochakaa, na zikiwa hivyo zinateleza juu ya mbao zikiacha alama nyeusi. Zifute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo au maji ya uvuguvugu na sabuni, huku ukizizungusha kwa mkono. Petroli na thina ziache, zinauharibu mpira. Rola za chuma zenye meno zinahitaji brashi ya waya tu, kuondoa maranda yaliyoshindiliwa kati ya meno.

Kabla ya kugusa chochote kati ya hivi, umeme. Zima mashine, chomoa plagi au shusha swichi kuu, na usubiri shafti isimame kabisa, maana baada ya kuzima huendelea kuzunguka muda mrefu kuliko unavyodhani. Na mashine inapofanya kazi, usisimame kwenye mstari wa mbao wala usiiname kuchungulia ndani kwa mbele. Mbao inayorudi haikupi nafasi ya kukwepa. Kucha za chuma zinazoning'inia mbele ya rola ziliwekwa kwa ajili ya hilo: zinaipisha mbao ikiingia na kuikamata ikirudi. Ukikuta mtu amezing'oa kwa sababu "zinachelewesha kazi," zirudishe kabla hujatafuta ubovu mwingine wowote.

Baada ya usafi, kama mbao bado inakwama, tafuta njia panda ya kwanza: je, rola inazunguka mbao inaposimama? Mashine ikiwa imezimwa, weka alama ya chaki kwenye ncha ya shafti ya rola, mahali panapoonekana bila kufungua kifuniko. Lisha mbao, simama pembeni, tazama. Chaki ikiendelea kuzunguka huku mbao imesimama, rola inateleza, na ubovu uko kwenye mpira, meza, visu au mbao yenyewe. Chaki ikisimama pamoja na mbao, rola haipati mwendo, na hapo hata ukipaka nta ya nchi nzima hutafika popote. Kama ncha ya shafti imefichwa, zima umeme, weka wenzo wa klachi, inayounganisha rola na mota, kwenye hali ya kuvuta, kisha jaribu kuzungusha rola kwa mkono. Ikizunguka bure bila kukokota kitu, kuna kiungo kimekatika njiani.

Viungo hivyo havina siri kubwa. Mkanda kutoka kwenye mota umelegea. Cheni imelegea au meno ya gia yake yamechongoka. Skrubu inayobana gia kwenye shafti imefunguka. Kabari ya shafti imekatika. Klachi haishiki kwa sababu nyaya au fimbo yake imejivuta. Kwenye mashine ndogo za kubebeka huwa ni gia za plastiki zilizokatika meno, na hizo hazirekebishiki, zinabadilishwa.

Cheni inastahili neno la ziada, kwa sababu mjini kwetu kila kona kuna duka la vipuri vya pikipiki na kishawishi ni kikubwa. Pima umbali kati ya pini moja na inayofuata. Ukipata milimita 12.7, hicho ndicho kipimo cha cheni ya bodaboda aina ya 428, na mara nyingi inakaa vizuri kwenye gia za mashine iliyotumia cheni ya viwandani ya kipimo hicho. Cheni ya baiskeli ina umbali huo huo wa pini, lakini ni nyembamba na rola zake ndogo ni za kipenyo tofauti. Itaingia kwa kulazimishwa, nayo itakula gia. Ukipata milimita 9.5, pikipiki haitakusaidia, tafuta cheni ya mashine. Na ukifunga cheni mpya juu ya gia zilizochongoka, cheni hiyo itachakaa kabla ya wakati wake.

Tukirudi kwenye rola inayoteleza, sasa ndipo swali langu la "wapi" linapofanya kazi.

Mbao ikikataa kabla ya kufika visuni, mara nyingi umeitaka mashine ikate kingi mno kwa mara moja. Mbao zetu nyingi za miti migumu zimepasuliwa kwa chenso, na mbao ya chenso ina tabia ya kuwa nchi mbili kichwani na karibu nchi mbili na nusu katikati. Ukipima kichwa ukaweka meza, mashine itaanza vizuri kisha itakutana na mlima. Pima katikati pia, anzia sehemu nene kuliko zote, na kwenye mbao pana na ngumu kama mninga usizidi milimita moja hadi mbili kwa mpito mmoja. Kama mbao ni sawa na bado inagonga ukingo wa rola bila kupanda, huenda rola au kivunja maranda vimeshuka mno. Rola ya kuingizia kwa kawaida hukaa takriban milimita 1 chini ya mahali visu vinapofika; kitabu cha mashine yako kikisema tofauti, fuata kitabu.

Mbao ikikataa katikati ya safari, huku ikitoa sauti ya kupigwa na uso wake ukiungua au kung'aa, visu vimekuwa butu. Kisu kikali kinakata. Kisu butu kinaponda, na kila kinapoponda kinaisukuma mbao nyuma na juu kwa nguvu ambayo rola hazikupangiwa. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu namba moja Mwanza, na inatokana na ziwa. Mbao zinazovuka kwa boti kutoka visiwani zinashushwa ufukweni na kuburutwa mchangani. Mchanga wetu umetokana na miamba ya itale, ile ile inayoupa mji huu sura yake, na chembe zake zinaumaliza ukali wa kisu kwa mbao chache tu. Brashi ngumu dakika mbili juu ya kila mbao ni nafuu kuliko kunoa. Mbao za boti kuukuu, zenye misumari iliyovunjikia ndani, mimi sizipitishi kabisa, hata mteja akiapa kwamba ameing'oa yote.

Mahali pa tatu ndipo pananigusa, kwa sababu pametugharimu.

Tulikuwa na kazi ya milango, mninga wa nchi moja kwa nane. Jana yake tulikuwa tumenoa visu na kuvirudisha. Asubuhi mbao ya kwanza iliingia bila shida, maranda yakaruka safi, kisha ikasimama ghafla. Tukaitoa, tukaweka nyingine. Ikasimama pale pale. Tukakaza springi mzunguko mmoja kila upande, ikapita kwa kujikokota. Tukakaza wa pili. Tulifanya kazi hivyo karibu wiki mbili, mpaka bushi ya rola ya kuingizia, pete ambamo shafti yake inazungukia, ikaisha na rola ikaanza kuyumba.

Tulipofungua ndipo nikaangalia zile mbao mbili za kwanza, zilikuwa bado zimeegemea ukutani. Zote mbili zilikuwa zimerandwa safi kwa upana wa vidole vinne kuanzia kichwani, basi. Na kona ya juu ya kichwa cha mbao, ambayo ilipaswa kuwa kali, ilikuwa imepondeka upana mzima, kama imegongwa na ukingo wa chuma. Ndivyo ilivyokuwa. Mbao ilikuwa inavuka visu, ikifika kwenye bamba la kukandamiza inagonga.

Wakati wa kuvirudisha visu tulikuwa tumevikaza chini kidogo kuliko vilivyokuwa kabla. Kisu kikishuka kuelekea ndani ya shafti, kinakata juu zaidi, na mbao inayotoka visuni inakuwa nene kuliko nafasi iliyo chini ya bamba. Tofauti ilikuwa kama milimita 0.4, kitu ambacho jicho halikioni, nayo ilitosha kusimamisha mbao ya futi 7. Tulivirudisha visu kwenye kimo chake, tukalegeza springi mizunguko yote miwili, na mninga ukapita.

Namna ya kupima haihitaji kifaa cha bei. Umeme ukiwa umechomolewa, weka mezani kipande cha mti mgumu kilichonyooka, kiweke chini ya visu, pandisha meza polepole huku ukizungusha shafti kwa kushika puli yake, mpaka kisu kikiguse kipande hicho kwa shida. Bila kuisogeza meza, sukuma kipande mpaka chini ya bamba la kukandamiza. Kinatakiwa kipite kikiguswa kwa wepesi. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1, kwa hiyo karatasi ni kipimo chako: ukihitaji kuongeza karatasi kadhaa juu ya kipande ndipo kiguse, bamba liko juu mno na mbao itarukaruka, kipande kikikataa kuingia, bamba liko chini mno na mbao itakwama. Fanya hivyo kushoto na kulia. Na kabla ya kurekebisha chochote, angalia kama hakuna maranda yaliyoshindiliwa chini ya bamba, hasa baada ya kuranda mbao mbichi. Tabaka jembamba la maranda yenye maji linaleta dalili zile zile.

Mahali pa nne ni mkiani. Mbao imepita karibu yote, mkia umeachwa na rola ya kuingizia, kisha inabaki ndani. Hapo kazi iko kwa rola ya kutolea peke yake, nayo ama ni chafu, ama imekaa juu mno, ama mbao yenyewe ni fupi kuliko umbali kati ya rola mbili. Kipande kifupi kisilazimishwe wala kusukumwa kwa mkono. Kibandike kwa gundi kati ya vipande viwili virefu, upitishe, ukate baadaye.

Mbao ikienda upande, springi za kushoto na kulia haziko sawa, au meza haiko sambamba na shafti. Na usiingize mbao mbili za unene tofauti kwa pamoja: rola ni moja, itaishika nene, na nyembamba itabaki bila mshikaji mbele ya visu.

Rola za mezani zipime kwa rula ya chuma iliyolazwa juu ya zote mbili. Kwa mbao inayokaribia kukamilika, nafasi ya karatasi moja chini ya rula katikati ya meza inatosha. Kwa mbao chafu ya chenso, zipandishe zaidi, karatasi tatu hadi tano. Zikizama chini ya uso wa meza ni kama hazipo.

Umeme wenyewe nao huchangia. Nguvu ya kuzungusha ya mota hupungua kwa mraba wa volti: ikitakiwa 230 ukapata 200, umebaki na takriban asilimia 76. Waya mrefu mwembamba wa kuazima umeme kwa jirani unatosha kuleta upungufu huo. Kwenye fezi tatu, fezi moja ikikosekana mota inanguruma na kuchoka. Na kama nyaya mbili zimebadilishana baada ya matengenezo ya laini, mota inazunguka kinyume na rola zinaitema mbao mikononi mwako. Zima hapo hapo, fundi umeme abadilishe nyaya mbili.

Msonobari wa mashamba ya miti ya Buhindi au Rubya ukija mbichi, usitarajie mashine itibu. Mbao mbichi ni nzito, inanata, na kesho itasinyaa kutoka kwenye kipimo ulichoipa leo. Mteja aliye na haraka namwambia hivyo hivyo.

Ikiwa umepita kote huku na rola bado inateleza, sasa chukua spana. Pima kwanza urefu wa bolti ulio juu ya nati kila upande, uandike kwa rangi pembeni ya mashine. Toa springi zote, zisimamishe mezani bega kwa bega: iliyochoka itakuwa fupi kuliko wenzake, nayo hubadilishwa pamoja na ya upande wa pili. Zikiwa sawa, zirudishe kwenye kipimo ulichoandika, ongeza nusu mzunguko kushoto na nusu kulia, jaribu kwa mbao kavu yenye uso safi. Mbao ikianza kwenda kwa mwendo mmoja bila kusukumwa, acha hapo hapo.